Kiraka na Mkanda wa Kinu

Walianza kwa kumpasua mlinzi kichwa. Nilimwona kupitia dirisha la juu la kinu, amepiga magoti getini, damu ikimpitia vidoleni, na wapakiaji wa magunia wakimruka kama gunia lililoanguka njiani. Mimi nilikuwa nimepita tu kumsalimia binti wa kaka yangu, maana miguu yangu haijui kukaa mahali pamoja. Nikajua leo nimekwisha, na hata chai sijamaliza.

Kazini binti huyo wanamwita Kiraka. Ndiye mwangalizi wa kompyuta za kinu cha unga. Mfumo unaoziendesha, yaani ile roho inayoiamsha mashine na kuipangia kazi, haukununuliwa dukani. Umeandikwa na watu waliotapakaa duniani, wakauacha wazi: kiwanda chochote kiuchukue, na atakayeona kasoro aizibe kisha awagawie wenzake. Kiraka ni mmoja wao. Amekabidhiwa kipande kidogo cha mfumo huo, anakishughulikia jioni akishaosha vyombo, na kila kiraka anachotia hukiwekea jina lake.

Wana desturi yao. Mtu akija na malalamiko, hata akikutukania mama, humfukuzi. Unamwuliza: ulifanya nini, ulitegemea nini, umeona nini? Mumewe hunung'unika, "Bamdogo, mimi hata nikisema chumvi imezidi nahojiwa!"

Basi kinu kilileta mkanda wa kubeba magunia, wapakiaji wakaambiwa waende zao. Siku hiyo walirudi na nondo.

Mlango wa chumba cha kompyuta, nilimokuwa na Kiraka, uling'oka bawaba. Akaingia mpakiaji mmoja wanayemwita Tembo, shati limelowa damu isiyo yake. Nondo ya kwanza ilisambaratisha kioo cha kompyuta. Ya pili Kiraka aliikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikamrukia Tembo mgongoni, mzee mzima. Akanikung'uta kama vumbi la unga, nikaangukia ndoo.

Alipoinua nondo tena, Kiraka akamtazama usoni, midomo imepauka.

"Kaka, umefanya nini huko chini?"

"Nimekivunja kile kisanduku chekundu cha kuzimia mkanda! Kwa hii hii!"

"Ulitegemea nini?"

"Mkanda usimame! Wewe mwanamke una wazimu?"

"Na umeona nini?"

Tembo akageukia mlango. "Haujasimama. Umemnasa mdogo wangu, unamla mkono. Nimekuja kukiua kichwa chake." Akaelekeza nondo kwenye kabati la kompyuta.

"Ukikiua hiki, hakuna wa kuuambia mkanda usimame. Nipishe!"

Akampisha. Kulikuwa na kioo kimoja kizima pembeni. Kiraka akabonyeza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia kama wa koti tupu. Chini mngurumo ukafa, na hapo ndipo tukasikia mayowe uliyokuwa umeyafunika. Tembo akatupa nondo, akakimbia.

Tulimkuta anamfunga mdogo wake kwa shati lake mwenyewe. Kiganja hakikuwepo tena. Unga pale chini ulikuwa umegeuka matope mekundu. Lakini kijana wa watu alikuwa anapumua, na anatukana, nikamshukuru Mungu.

Hospitali, mkono ukiwa kwenye plasta, Kiraka alilia kwa jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Panya wa kinu walizoea kukata nyaya za kisanduku kile, na kila wakikata, mkanda ulisimama bure. Kwa hiyo katika kipande chake aliandika kwamba kisanduku cha kuzimia kikinyamaza, yaani kisipotuma ishara yoyote, mkanda uendelee. Tembo alipokivunja, kilinyamaza.

"Panya, Bamdogo. Mimi nilifikiria panya tu."

Meneja akaja na mfuko wa machungwa. "Mama, pole sana. Ila usiandike neno popote. Wahalifu ni wapakiaji, yamekwisha."

"Meneja, kipande changu kimechukuliwa na vinu vingapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hata mimi sijui. Bamdogo, nishikie simu."

Nikamshikia. Akaandika kwa dole gumba la kushoto, kwenye ukurasa wa ule mfumo, wanapoandika wote na kusoma wote: nilifanya hivi, nilitegemea hivi, tumeona kiganja cha mtu kimekwenda. Akaweka jina lake. Meneja akabeba machungwa yake, akaondoka.

Tukakaa. Simu ikatetemeka: fundi wa kinu fulani, mtu asiyemjua, ameandika kwamba amebadilisha, mkanda wao sasa kisanduku kikinyamaza unasimama.

Kiraka akafuta pua kwa plasta. "Kinu kimoja hicho," akasema. "Shika vizuri, Bamdogo, bado vingine."