Tusajigwe Alivyopima Njia ya Mlimani

Ukimpelekea Tusajigwe wa Busale baiskeli inayolia, hakuulizi inalia wapi. Anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedali mara moja, anatega sikio, kisha anakwambia, "Gololi zimekwisha." Unafungua, unazikuta zimekwisha kweli. Ufundi huo alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki watu walidhani mjane atauza spana arudi kwenye mpunga. Yeye alitandika gunia palepale kando ya barabara, chini ya bati lilelile, akaendelea na kazi. Mwaka wa tatu hakukuwa tena na mtu wa kusema "fundi mwanamke". Walisema fundi, basi.

Kwa hiyo wanakwaya wa Ndandalo walipoazimia kwenda Malawi kwa baiskeli, jina lake lilitajwa kabla hata ya tarehe. Usharika mmoja rafiki, kusini ya Karonga, ulikuwa umewaalika kwenye sherehe ya mavuno. Walijiandikisha kumi na wanne. Mkubwa wao alikuwa Mzee Yotamu, mwenye miaka sitini na tisa, ambaye enzi zake alibeba vyungu vya Wakisi kwa baiskeli kutoka ufukweni hadi Kyela mjini. Alidai hakuwahi kuvunja hata kimoja. Dada yake Maria aliolewa hukohuko walikoalikwa, na hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na mmoja.

Mwenyekiti wa safari alikuwa Mwalimu Lugano, kijana wa miaka thelathini na miwili, mwenye baiskeli mpya ya gia na simu isiyotoka mkononi. Alipanga kila kitu: hati za kusafiria, kadi za chanjo, pampu, dawa za vidonda. Kabla ya kumuuliza mtu, alikuwa ameshawaandikia wenyeji kwamba wageni watafika Jumamosi jioni, siku ya pili tangu kuondoka.

"Siku mbili kwa barabara ya ziwani?" Tusajigwe alimuuliza.

"Si ya ziwani, mama Jeni. Ile ina malori, tena ndefu. Tutakata mlimani. Tunaokoa kilomita thelathini."

"Umeipita?"

"Nimeiona kwenye simu."

"Simu haina magoti, mwalimu."

Wakakubaliana waende wawili kwanza, wakaipime. Lakini asubuhi ya kuondoka Lugano alipofika Busale alishangaa. Tusajigwe hakutoa baiskeli yake. Alikuwa ameshika ile nyeusi aliyoiazima kwa Mzee Yotamu, nzito kama kitanda cha chuma, isiyo na gia, yenye breki za kizamani za vyuma vinavyovuta raba zibane rimu. Nyuma, kwenye karia, alikuwa amefunga gunia la mchele la kilo thelathini.

"Sasa hii ya nini?"

"Yangu itafika tu, sina shaka nayo. Nataka kujua kama hii itafika."

Walivuka Kasumulu mapema, wakagongewa mihuri, wakapita daraja la Songwe. Ng'ambo ya pili watu waliwasalimia kwa lugha iliyokuwa karibu sana na ya nyumbani, hata Tusajigwe akajisahau mara mbili akidhani bado yuko upande wa Kyela. Siku ile ilipita vizuri. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, waliiacha lami wakashika njia ya udongo mwekundu iliyoelekea mlimani.

Kupanda kulikuwa kusukuma tu. Lugano alitangulia, akamngoja kileleni chini ya kivuli chembamba. Tusajigwe alipomfikia, jasho lilikuwa limemloanisha hadi mgongoni. Chini yao waliona mabati ya kijiji cha wenyeji, madogo kama punje, na nyuma yake maji ya ziwa.

"Umeona?" Lugano alisema kwa furaha. "Kutoka hapa ni kuteremka tu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Alikagua breki, akakaza nati moja, akapanda. Kona ya kwanza aliichukua taratibu. Ya pili pia. Baada ya ya tatu njia ilisimama kama ngazi, changarawe ikaanza kuteleza chini ya tairi, na gunia nyuma likaanza kumsukuma. Alibana breki zote mbili. Vyuma vililia, kisha akasikia harufu ya raba inayoungua. Alibana zaidi. Mkononi hakusikia tena chochote cha kubana. Breki zilikuwa zimelainika kama uji.

"Mwalimu, toka!" alipiga kelele, akampita Lugano kwa upepo.

Aliburuza kiatu chini, soli ikang'oka. Kona iliyofuata aliipata kwa bahati ya Mungu tu, goti likifagia majani ya ukingoni. Na hapo mbele yake, upana wote wa njia, akaona ng'ombe wanapanda, na katikati ya ng'ombe mwanamke amebeba mtoto mgongoni.

Kulia kulikuwa na korongo. Kushoto ukuta wa udongo. Tusajigwe hakuwa na muda wa kuomba. Alipinda usukani kushoto, akaukumbatia mlima kwa bega.

Alipofumbua macho alikuwa amekaa. Mchele ulikuwa umemwagika njia nzima na ng'ombe mmoja alikuwa ameshaanza kuulamba. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilitazama kusikostahili, na ngozi ya mkono ilikuwa imechunika kutoka kiwiko hadi kiganja. Mwanamke yule alikuwa amepiga magoti mbele yake, akimwaga maji ya kibuyu juu ya kidonda.

"Ndaga fijo," Tusajigwe alimshukuru.

"Dada yangu, nani kawaambia mshuke hapa mmekaa juu ya baiskeli?" yule mwanamke akauliza. "Sisi wenyewe tunashuka kwa miguu, na nyuma mtu anashikilia kamba. Wageni tu ndio hukaa."

Lugano alifika akikimbia, baiskeli ameitupa huko juu. Alikuwa mweupe midomoni. Alimfunga kidole kwa kijiti na kitambaa, kisha wakashuka kwa miguu hadi bondeni.

Kurudi walishika barabara ya ziwani, Tusajigwe akiendesha baiskeli ya gia kwa mkono mmoja, mwalimu akiikokota nyeusi. Malori yalikuwepo kweli. Kila lilipopita walishuka kwenye majani na kungoja vumbi litue. Lakini palikuwa na visima, na vivuli, na makanisa mawili yaliyokubali kuwalaza watu. Alivikariri vyote. Ilikuwa njia ya siku tatu, si mbili.

Karibu na mpaka, Lugano alisimama.

"Mama Jeni, nakuomba kitu. Ukiwaambia ulianguka, nusu watajitoa. Barua imeshakwenda, wenyeji wanapika. Siku ile tutawaambia watu washuke pale juu, wakokote. Watanisikiliza."

"Na Mzee Yotamu?"

Wote wawili walimjua. Mzee Yotamu alikuwa na msemo kwamba mtu anayeshuka mteremko kwa miguu alinunua baiskeli ya kuegeshea ukutani.

"Nitafikiri," Tusajigwe alisema.

Alifikiri siku nne. Waliomuuliza habari za mkono aliwajibu kwamba aliteleza, na kila alipojibu hivyo chakula kilimshinda. Kwa upande mmoja aliona watu wanavyoshona sare, wanavyofanya mazoezi ya nyimbo mpaka jua linazama. Kwa upande mwingine aliiona ile kona, na safari hii aliyekuwa juu ya baiskeli hakuwa yeye.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikutana. Lugano alisimama, akaeleza njia, akasema ni nzuri. Sauti yake ilikuwa imekauka. Hapo Mzee Yotamu akageuka kwenye benchi.

"Mwanangu, baiskeli yangu ilikufanyia nini huko?"

Tusajigwe akasimama. Alitoa mfukoni raba za breki na kuziweka mezani. Zilikuwa zimeyeyuka zikawa kama sabuni iliyotumika.

"Haikuteleza, tata, baba yangu. Iliishiwa breki mlimani. Nusura niue mama na mtoto wake. Njia ile si ya kwetu."

Kukawa na zogo. Neema, kiongozi wa sauti ya kwanza, aliuliza kwa nini wamefichwa siku zote hizo. Mzee Yotamu alisimama kwa hasira.

"Kwa hiyo mimi ndiye mzigo. Ulichukua baiskeli yangu ukanipime bila kuniambia."

"Ndiyo," Tusajigwe alisema. Hakutazama chini. "Nilikosa kutokukwambia. Kupima sikukosa."

Ndipo Lugano akainuka tena. Alisema ni yeye aliyemwomba fundi anyamaze, na kwamba barua nyingine ataiandika leo hii, kuwaambia wenyeji watachelewa siku moja na ibada ya mavuno itawapita. Akaketi, akafunika uso kwa daftari.

Watano walijitoa. Tisa waliondoka, kwa njia ya ziwani. Tusajigwe aliendesha wa mwisho siku zote tatu, kidole kikiwa bado kimefungwa, akihesabu migongo minane mbele yake. Kila lori lilipovuma nyuma yao alipuliza filimbi, na migongo yote minane ikaingia majanini. Siku ya pili lori moja lilipita karibu kiasi cha kuipeperusha kofia ya Neema hadi majini. Mzee Yotamu, ambaye breki zake Tusajigwe alikuwa amezifunga upya kwa mkono mmoja, hakumsemesha hata mara moja. Jioni alipokea maji kutoka kwake, akanywa, akarudisha kikombe.

Walifika Jumapili alasiri. Sherehe ilikuwa imekwisha, mabenchi yanaingizwa kanisani, na masufuria yamekwishaoshwa. Lakini kando ya barabara alikuwa amesimama mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, amekuwepo pale, walisema wenyeji, tangu asubuhi.

"Yotamu!" Maria alifoka kabla kaka yake hajashuka. "Watu wamekula, wameimba, wamekwenda! Nilidhani umekufa njiani!"

Mzee aliiegesha baiskeli. Alikumbatiwa, akatikiswa, akalaumiwa tena. Kisha akajitoa polepole, akarudi nyuma ya msururu, akamshika Tusajigwe mkono usioumia na kumleta mbele ya dada yake.

"Huyu ndiye aliyenichelewesha," alisema bila kucheka, na mkono hakuuachia.