Jozi ya Pili ya Viatu

Mwanangu alikuwa na mwaka na nusu walipokuta madini ya risasi katika damu yake. Nesi wa kliniki alikuwa Mkenya mwenzetu huku ughaibuni. Akafunga mlango ili tuongee Kiswahili.

“Baba yake anafanya kazi gani?”

“Anavunja betri kuukuu za magari. Yadi moja hapa mjini Garland.”

Akaweka kalamu chini. “Akifika nyumbani, nani humpokea?”

Nani mwingine? Mtoto akisikia ufunguo tu anakimbia, anamkumbatia baba yake mguuni, uso wote ndani ya suruali. Mimi nilikuwa nasimama hapo nikicheka, napiga picha nimtumie shosho, nyanya yake.

Nesi akaniambia vumbi la risasi halihitaji kuwa jingi. Linakaa kwa zulia, kwa vidoli, kwa vidole, kisha linaingia mdomoni, na likishaharibu akili ya mtoto hakuna dawa ya kuirudisha. Nisifagie kavu, nipanguse na kitambaa chenye maji. Na baba asiingie ndani na nguo za kazi.

Jioni hiyo nilimzuia mlangoni. “Vua hapo hapo.”

“Nje? Majirani wanione na chupi?”

“Wakuone.”

“Ah, mama, si nimenawa mikono kazini.”

Mtoto alikuwa ndani anapiga mlango kwa viganja, “Daddy, Daddy.” Mume wangu akavua suruali, polepole. “Kwani mimi nimekuwa sumu?”

Nilimwambia aombe mahali pa kuoga na kubadilisha nguo kazini. Akakataa kabisa. Pale ukiuliza sana unaonyeshwa geti, akasema, na msimamizi ameshawaambia hilo ni vumbi tu, kama la barabarani.

Ijumaa nilienda kumchukua, mtoto nimemfunga kwenye kiti chake nyuma. Nikiwa nimeegesha karibu na geti, nikamwona msimamizi akitoka. Akaketi kwenye ukingo wa mlango wa gari lake, akavua buti, akazitia kwa mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Akavaa raba safi. Akabadilisha na shati. Ndani ya gari lake, nyuma, kulikuwa na kiti cha mtoto, kama chetu.

Nilishtukia nimeshashuka. Kiingereza changu ni cha fomu foo, cha shule tu, lakini siku hiyo kilitosha. Nikamuuliza kwa nini anabadilisha viatu.

“Nina mtoto mdogo nyumbani,” akasema, hata hakufikiri.

“Na yeye ana mtoto.” Nikamwonyesha mume wangu, aliyekuwa anakuja mbio. “Yeye ulimwambia ni vumbi tu.”

Mume wangu akanishika mkono. “Twende. Utanifutisha kazi.”

“Vua buti.”

“Hapa?”

“Hapa, mbele yake.”

Wenzake walikuwa wanatoka zamu, wakasimama. Mmoja wao, Mkongo mwenye kofia, akauliza, “Mama, kuna nini?”

“Muulize bosi wenu kwa nini yeye haendi nyumbani na buti.”

Mkongo akautazama ule mfuko wenye fundo. Kisha akatazama buti zake mwenyewe.

Mume wangu aliinama, akafungua kamba. Akaingia gari na soksi, na mtoto akamnyooshea mikono kutoka nyuma, anacheka.

“Bado,” nikasema.

“Najua,” akasema, akaikalia mikono yake mpaka tukafika nyumbani.