Asali ya Kupeleka Same

Mjomba wangu Naftaly hakujua kubishana na wazee, na kwa hilo namlaumu babu Muriithi aliyemlea. Mjomba alikuwa fundi wa simu Moshi, enzi zile Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa hai na kijana wa Ishiara, Kenya, angeweza kupanda nguzo za simu Tanzania bila kuonekana mgeni. Huko ndiko alikompata Naelijwa, binti wa Kipare, mwalimu wa shule ya msingi Same. Baba yake, Mzee Mbwambo, hakuwa na makuu. Alisema tu wazee waje Desemba, wakae, wazungumze.

Desemba asali haikuwa tayari. Sisi Wambeere hatuendi ukweni bila asali, na babu Muriithi hakutaka kusikia habari za asali ya sokoni. Ilibidi itoke kwenye mizinga ya ukoo, na nyuki walikuwa hawajaziba masega.

"Subira huvuta heri," babu akasema.

Basi siku ikasogezwa hadi Jumamosi ya kwanza ya Februari, mwaka wa 1977. Wapare wangewapokea mpakani, pale Holili, kisha waongozane hadi Same.

Mjomba, babu na wazee wengine walitoka Ishiara Ijumaa kwa gari la kukodi, wakalala Voi. Hapo ndipo redio ilipotangaza kwamba Tanzania imefunga mpaka. Wakubwa walikuwa wamegombana kwa muda mrefu juu ya ndege, reli na meli, kila upande na hoja zake. Sijasikia hata hoja moja iliyomtaja Naelijwa.

Asubuhi walijipa moyo, wakaendelea. Walipoipita Taveta wakakuta kizuizi cha polisi barabarani.

"Mzee, kwani hujaskia redio?" askari akamuuliza babu. "Rudisha hiyo gari nyumbani."

"Sisi hatuendi vita, kijana. Tunapeleka asali kwa wakwe."

"Hata kama. Mkitaka, tembeeni kwa miguu mpaka kwa geti mjionee. Lakini hakuna mtu atavuka leo."

Mjomba alikuwa ameshashuka na kibuyu cha asali. Babu akamshika mkono.

"Tusimame kwa geti tukifokewa kama wezi wa mbuzi, na wakwe wanatuangalia? Hiyo aibu haiishi. Ingia ndani. Hii mambo itaisha wiki hii."

Mjomba akaingia garini. Haikuisha wiki ile, wala mwaka ule. Jumuiya ilivunjika, kazi ya Moshi ikafa nayo, naye akahamishiwa Embu. Fundi mzima wa simu, akawa hawezi kupata laini ya kumfikia mtu mmoja Same. Barua alizotuma hazikujibiwa. Rafiki zake walimwambia kuna njia za panya. Babu akasema mkwe haingii kwa njia ya wezi, na mjomba akatii tena. Hapo ndipo ninapokasirika, ingawa sijui ningefanya nini mimi. Mama anasema alikuwa akirudi kutoka kazini, anakaa kitandani na viatu miguuni hadi giza linaingia.

Mwishoni mwa mwaka wa 1983 marais walikutana Arusha, wakapeana mikono, mpaka ukafunguliwa. Mjomba na babu wakaondoka na asali mpya.

Mzee Mbwambo aliwapokea vizuri, wakanywa chai. Kisha akawaambia Naelijwa ameolewa Tanga na ana watoto wawili.

"Kwamba mpaka umefungwa tulijua," akasema. "Tulisikia redioni kama ninyi. Lakini binti yangu alisema, baba, twende. Kama ni watu wa kweli watakuja wasimame upande wao, hata tupungiane mikono tu. Tukaenda Holili na wazee wenzangu, tukasimama tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hatukumwona mtu."

"Tulikuja, baba," mjomba akasema. "Tulifika mpaka kizuizi cha polisi, karibu kabisa."

Mzee Mbwambo aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umelainika. Nadhani alitaka sana jambo lile liwe na mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Kumbe. Basi askari waliwakatalia kusogea getini?"

Mjomba akamtazama babu Muriithi. Babu alikuwa ameinamia mkongojo wake, na hakuinua kichwa.

"Hapana," mjomba akasema. "Hawakutukatalia."