Majani Gani?

Nyanya yangu Chepngetich alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nashukuru. Bila hicho kichwa tungefukuzwa shambani kule Soy kabla mama yangu hajazaliwa.

Miaka ya thelathini, yeye na babu walikuwa vibarua kwa mzungu mmoja, na nyumba yao ilikaa ukingoni mwa mto. Kila mvua ilimega ule ukingo. Mwenye shamba akasema wazi: nyumba ikianguka hakuna ruhusa ya kujenga nyingine, wahame. Babu akaanza kufunga mizigo. Nyanya akachukua gunia, akaenda kwenye kinamasi.

Alirudi amebeba mashina ya nyasi za pale pale na ndago kubwa za majini, zile ambazo ukisokota bua unasikia pembe tatu kwenye vidole. Aliyapunguza majani yakabaki shubiri moja, ili nguvu iende kwenye mizizi ya kushika udongo. Akapanda ndago chini kwenye tope, nyasi juu. Watu walimcheka, eti anapanda magugu.

Miezi mitatu baadaye, akitoka kanisani, akakuta ukingo uko wazi. Wanyonyi, mtunza bustani wa memsahibu, mke wa mwenye shamba, alikuwa ameng'oa kila kitu.

"Memsahibu amesema nitoe majani yote mtoni," Wanyonyi akasema.

"Na hukuuliza majani gani?"

"Majani ni majani, Mama."

Kumbe memsahibu alitaka majani makavu ya mkaratusi yaliyoziba mfereji wake pale mtoni. Kile Kiswahili cha wazungu cha kuamrisha kilikuwa na neno moja kwa nyasi, majani ya miti na majani ya chai, na sisi ndio tulioumia. Hiyo bado inaniudhi.

Nyanya alilia kwa hasira. Kisha akafukua lundo la takataka, akachagua kila shina lenye mzizi mbichi. Wanyonyi aliona aibu, akaleta jembe lake. Walipanda upya kwa siku nne.

Wiki sita baadaye mvua ikaja kali, lakini mizizi ilikuwa imeshika. Ukingo haukumegeka. Bustani ya memsahibu, kule juu ukingoni, iliteremka mtoni na mawaridi yake.

Memsahibu akaja mwenyewe, amevaa gambuti. "Mama, mimi nataka majani."

Nyanya aliendelea kuchambua mboga. "Majani gani?"

Memsahibu akainama kwenye tope, akaonyesha kwa kidole: hii, na hii.

"Na nyumba yangu?"

"Bwana nasema nyumba nabaki."

Ndipo Nyanya akampa lile gunia la kinamasini.