Ukoko kwenye Nyuzi za Skrubu

Jumatatu asubuhi Gerlinde Häussler alipofungua chumba cha kupimia, uvundo ulimlaki mlangoni. Mayai viza, tena yaliyonyunyiziwa marashi ya ndimu. Ulitoka kwenye skrubu nene, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyolazwa mezani; wenzake walijaa kikapuni kando. Zote ni skrubu za kunyanyulia magari gereji: gari linapanda, fundi anaingia chini.

"Imeshaoshwa," alisema Knödler, mkuu wa wachongaji vyuma, ameegemea mlango akitafuna mkate wa siagi. "Imelala humu tangu Ijumaa, imepoa. Pima tu, Bi Häussler, lori linangoja."

Gerlinde aliifunga kwenye meza ya jiwe. Mashine ya kupimia ikashusha kijiti chake, na kijipira cha yakuti, kidogo kuliko punje ya mtama, kikaanza kugusa kila bonde la nyuzi zilizoizunguka skrubu, kushoto, kulia, kwa upole wa mama anayemkagua mtoto masikio. Kwenye kioo cha mashine ikatokea kijani tupu. Unene sawasawa.

"Umeona?" Knödler alipiga makofi, makombo yakaruka. "Haya, ipitishe."

Lakini kijipira kilipopanda kilikuwa kimebeba kitu. Gerlinde akainama. Kipande cha ukoko wa kahawia, juu kikavu, chini kibichi, kinavutika kama kamasi.

Mjini kwao utasamehewa mengi, ila zamu ya ufagio hapana. Kibao cha zamu kikining'inia mlangoni pako, unasugua ngazi kwanza, ndipo unamning'inizia jirani. Karakana nayo ilikuwa na kibao chake, cha kusafisha tangi la maji ya kupozea vyuma vinapochongwa; yasipobadilishwa huoza na kuacha ukoko. Ijumaa Gerlinde alimwona Knödler akikihamishia kwa mwenzake, buti zake kavu kabisa.

"Tangi hukulisafisha."

"Nilitia dawa."

"Ulitia marashi. Marashi chooni, Bwana Knödler!"

"Kwani unapima kwa mashine au kwa pua? Mama Sabuni we!"

Gerlinde alivaa glavu, akaisugua skrubu bonde kwa bonde. Utelezi ukatoka umechanganyika na unga wa chuma, mweusi, unanuka hata ndani ya sabuni. Akaikausha, akaiacha itulie mpaka joto lake likalingana na la chumba, akapima upya.

Nyekundu, mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zilichongwa nyembamba; uchafu ndio uliokuwa ukizinenepesha.

Knödler akashusha sauti. "Tumia kipimo cha kwanza. Si mashine yako hiyohiyo?"

"Ilipima ukoko wako."

"Gereji watazipaka grisi. Nani atajua?"

"Atakayekuwa chini ya gari."

"Usijitie utakatifu! Ukiikataa hii, kikapu kizima kinarudi. Mkurugenzi atauliza nani kachelewesha lori."

"Mwambie mimi."

Akafungua kopo la rangi nyekundu. Chuma kilichokataliwa hupakwa hiyo, kisije kikarudishwa kwa siri. Knödler akaifunika skrubu kwa kiganja chenye siagi.

"Gerlinde, mwenzangu. Tafadhali."

Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu, kama ndugu. Likamchefua kuliko ule utelezi.

"Bi Häussler," alisema. "Na toa mkono, la sivyo naupaka nao."

Mkono ukatoka. Akapaka nyuzi zote, polepole, hakuruka hata moja. Kisha akabadili glavu, akaziba pua kwa bega, akainamia kikapu kuchukua ya pili.