Nilienda mnadani kununua ndoo, nikarudi na kitanda cha tano kwa sita

Wakuu heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Hiki kisa ni cha kweli tupu. Nikiongeza chumvi nile wali mkavu wiki nzima. Samahani, huo nimeshaula.

Niko form three hapa Kibiti, nyumbani Mkongo. Miaka miwili nimekaa kwa shangazi, chumba kimoja na watoto wake wanne. Mmoja kikojozi, simtaji maana ana akaunti humu.

Mwaka huu nikamlilia bi mkubwa mpaka akanipangia geto. Kodi akalipa mwenyewe. Masharti yakawa mafupi:

"Mchele utatoka nyumbani. Hii elfu sabini ni ya mwezi. Ikiisha kabla ya mwezi, unarudi kwa shangazi yako."

Wakuu, kukaa peke yako ni raha. Unaimba unavyotaka, unalala na viatu, hakuna wa kukuuliza. Nikaandika bajeti, mkaa, mafuta, dagaa, sabuni, nikaibandika ukutani. Ilipendeza mpaka nikaipiga picha.

Siku ya mnada nikaenda kununua ndoo ya maji. Ndoo tu. Ila hela nikabeba yote, maana kuisikia mfukoni kulikuwa kunanipa mwendo.

Nikakuta dalali amepandisha kitanda cha mbao, tano kwa sita. Anayekitaka ni bro Hamidu, muuza chipsi wa jirani yangu, anaoa karibuni. Huyu bwana ana dhambi moja: kachumbari ananiwekea vipande viwili, nimevihesabu.

Hamidu akasema thelathini na tano.

Mimi nikiwa nyuma kabisa, nikasema arobaini. Nia yangu anunue ghali, basi.

Akageuka. "Dogo, una mke wewe?"

"Natafuta. Nimeanza na kitanda."

Watu wakacheka. Hapo kichwa kikavimba wakuu, mimi nikichekesha watu sijijui.

Hamidu, "Arobaini na mbili."

Mimi, "Arobaini na tano."

Akakunja mikono. "Mpeni bwana harusi kitanda chake."

Kwa msiojua mnada wetu: ukitaja bei ukakimbia, dalali anakutangaza kwenye kipaza sauti, jina lako na la mzazi wako. Na wanunuzi nusu wanatoka vijiji vya kwetu. Nikalipa huku natabasamu kama nimemeza ndimu. Elfu tatu nyingine ikaenda kwa guta la kunipelekea.

Ndoo sikununua.

Geto langu ni dogo. Kitanda tukakifunga humo humo ndani, mlango ukawa unafunguka robo tu. Naingia ubavu ubavu kama kaa wa kule kwenye mikoko. Godoro langu ni la mbili na nusu, upande wa pili chaga tupu. Ili vitu vyangu vipate pa kukaa, nikakiinua kwa matofali, vyombo na mkaa vikahamia chini.

Mboga ikaisha wiki ya pili. Nikaenda kwa Hamidu kumuuzia kitanda. Akasema atanipa ishirini. Nikamwambia bora nikichome nipikie. Akasema, "Kiberiti unacho?"

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, nasikia hodi. Bi mkubwa, na mchele wake kichwani, hakupiga hata simu.

Akasukuma mlango, ukagota. Na mama yangu, Mungu ambariki, si mtu wa kuingia ubavu ubavu. Akachungulia, akanikuta nimekaa juu kule, kichwa karibu na bati.

Kwetu shambani tunajenga dungu, kibanda juu ya nguzo, mtu anakaa huko kulinda mpunga. Akaniangalia weee.

"Hili dungu, unalinda ndege gani humu ndani?"

Nikamwambia yote. Uongo ningeanzia wapi na kitanda kiko pale?

Hakugomba. Akaenda kwa Hamidu. Shikamoo mama, marahaba baba, habari za harusi, mkwe wetu wa wapi. Dakika kumi akarudi na elfu thelathini na nane ya kitanda, na sahani ya chipsi. Kachumbari imejaa.

Nikajua nimepona. Akaifunga hela kwenye pindo la kanga.

"Geto unabaki. Hela atashika shangazi yako. Kila Jumamosi unaenda kuchukua ya wiki, na ukifika unaosha vyombo kwanza."

Jana nimeosha masufuria sita. Yule kikojozi amekaa pembeni ananielekeza pa kusugua.

Nilichojifunza: bajeti ya ukutani haikusaidii kama hela yote iko mfukoni. Mnadani beba hela ya ndoo tu, na usipandishe bei ya kitu ambacho hukitaki.

Haya, ungameni na nyie. Nani alishanunua kitu ili kumkomoa mtu? Wa kunicheka pia karibuni ndani, mlango sasa unafunguka wote.