Pua Yangu na Mahindi ya Kibaigwa

Mwanangu, kwa muda mrefu nimekuficha jambo hili: kule Kibaigwa sikuibiwa. Pua yangu ndiyo iliyoniponza.

Naikumbuka vizuri asubuhi ile. Nilitoka Ipagala kwenda kumnunulia mama yangu, aliyeko Kolo, mahindi ya chakula. Ghalani kwa Bi Mwajuma, muuza mahindi wa soko la Kibaigwa, uvundo ulinipokea mlangoni, nikamshuku papo hapo.

"Ya ukutani yalinyeshewa, ni ya kuku," alisema. "Chukua haya ya huku."

Nikajua ananificha mazuri. Nikayaendea ya ukutani, nikatumbukiza mkono hadi kiwikoni na kunusa gunia baada ya gunia.

"Mwalimu, toka nje uvute hewa, kisha urudi. Ukikaa humu pua hulala."

"Nikitoka utanibadilishia magunia."

"Basi kaa. Nikuletee na godoro?"

Nilikaa. Baada ya nusu saa uvundo ukaisha, nikachukua magunia mawili ya ukutani nikijisifu.

Cheka tu, maana chuoni somo la kunusa nililifaulu. Chembe za harufu huingia puani, hugusa neva, nazo hupeleka habari kwenye ubongo. Habari ileile ikirudiwa, ubongo huacha kuijali ili uweze kusikia jipya. Uvundo ulikuwepo, mimi ndiye niliyeuzoea.

Mahindi yalipofika Kolo na mama aliposema gunia moja lina ukungu, nilimshtaki Bi Mwajuma kwa viongozi wa soko kwamba alinibadilishia. Wakaniambia nikithibitisha Jumatatu, anafukuzwa ghalani.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Shaka nayo huzoeleka. Ukikaa nayo sana hutasikia tena inavyonuka. Mshuku mtu ukitaka, ila jishuku wewe kwanza, kabla hujamharibia jina. Mungu akujalie macho ya kujiona mapema. Mimi nilichelewa hadi Jumapili jioni, mama aliponipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile gunia bovu nimelimwaga juani. Pete yako ya ndoa imo humo."

Pete hiyo ilikuwa imepotea tangu siku ile ya ghalani, na nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba namshuku dada wa kazi.

"Unanisikia? Kama alikubadilishia gunia, hii pete imeingiaje?"

"Nakusikia, mama."

"Kesho nenda ukawaambie. Na huyo binti wa kazi hapo nyumbani, anza kwa kumwomba radhi yeye usiku huu."